Kupanda msitu wa Eburu na mtoto wa miaka minne na nyanya wa miaka 66

Swali: "Mwalimu, sisi ni familia ya hapa Nakuru mjini. Tuna watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 4. Disemba tulipita Naivasha tukauona ule mlima wenye msitu upande wa pili wa ziwa, tukaambiwa ndio Eburu, na tangu siku hiyo watoto hawanipi nafasi. Mume wangu anataka tufike kileleni. Mama mkwe, Dani wa watoto, anakuja kutoka Kisumu likizo ya Aprili na ameshasema habaki nyumbani. Ana presha lakini anameza dawa zake vizuri. Mimi naogopa chui, naogopa baridi, na sijui huyu mdogo atatembea au tutambeba njia nzima. Twende? Na tukienda, tujipange vipi?" Mama Neema, Nakuru.

Mama Neema,

Nendeni. Ila kileleni msiende safari hii, na Aprili si mwezi wake. Hayo mawili nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kama watoto watarudi nyumbani wakiuliza mtaenda tena lini, au watarudi wakilia. Mengine uliyouliza, hata la chui, ni mepesi kuliko unavyohofia.

Eburu ni mlima wa volkano uliokaa katikati ya maziwa mawili, Naivasha kusini na Elementaita kaskazini. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Eburu, ambacho Wamaasai hukiita Ol Doinyo Opuru, kinapita mita 2,800. Hamtaanzia ufukweni, maana barabara ya murram inapandisha gari sehemu kubwa, lakini hesabu hiyo iwekeni akilini: kutoka ziwani mpaka kileleni ni karibu mita mia tisa za kupanda, na hewa ya kule si hii ya Nakuru mjini.

Msitu wenyewe una takriban hekta 8,700 na ni sehemu ya misitu ya Mau, mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji nchini, yaani misitu ya milimani inayolisha mito yetu. Mwaka 2014 ulikamilika ua wa umeme wa karibu kilomita 43 kuuzunguka, kazi iliyofanywa na shirika la Rhino Ark pamoja na KFS (shirika la misitu la serikali), KWS (shirika la wanyamapori) na wenyeji. Uliwekwa ili kuwazuia wachoma makaa wasiingie na wanyama wasishuke mashambani. Kwenu una faida nyingine: mtaingia kupitia lango linalojulikana, mtaandikisha majina, na kutakuwa na mtu atakayejua kwamba saa tisa imefika na familia ya watu sita haijarudi. Kuna misitu mingi mizuri katika kaunti yetu ambako hupati hilo. Waambie watoto tangu nyumbani kwamba waya wa ua haushikwi, hata kwa kijiti.

Sasa kuhusu kilele. Namuelewa Baba Neema. Mtu akiuona mlima, macho yake huenda juu. Lakini tufanye hesabu pamoja. Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita mia sita za kupanda. Tuseme mmechagua njia ya kilomita nane, kwenda na kurudi, yenye kupanda mita mia nne. Hiyo ni saa moja na dakika 36 za mwendo, pamoja na dakika 40 za mwinuko. Jumla ni saa mbili na robo hivi. Huo ni mwendo wa mtu mzima mwenye afya asiyesimama kuangalia chochote. Mtoto wa miaka minne husimama kwa kila mchwa. Mimi familia yenye mtoto wa umri huo huipigia mara mbili, yaani saa nne na nusu, na hapo sijahesabu chakula, choo, wala kiatu kilichojaa mchanga. Ongeza mwendo wa kutoka Nakuru, karibu kilomita sabini mpaka Naivasha kisha murram ya kupanda, na utaona kwamba siku imekwisha kabla hamjakaribia kilele. Watakaofika huko ni watoto waliochoka, wenye njaa, wakiwa na safari yote ya kuteremka mbele yao. Na kuteremka ndiko watu huanguka.

Kwa hiyo badilisheni lengo. Msiseme "tunaenda kileleni". Semeni "tunatembea msituni mpaka saa tano na nusu, kisha tunageuka." Saa hiyo iamuliwe nyumbani, siku iliyotangulia, na mkubwa wa miaka 12 apewe saa ya mkononi awe mwenye kuitangaza. Saa tano na nusu ikifika mnageuka hata kama mwongozaji amesema mandhari ya ziwa yako kona inayofuata. Familia nyingi zinazoniuliza mambo haya huwa zimejiandaa kwa viatu na chakula, ila hazikuamua saa ya kugeuka, nayo huwa na uzito kuliko viatu na chakula.

Baba Neema na huyu wa miaka 12 wana nafasi yao. Wanaweza kurudi wawili, mwezi mkavu, na mwongozaji, wakaenda juu kabisa. Mtoto wa miaka 12 anayetembea kwenda shule kila siku anaiweza. Lakini iwe siku yao, isiwe siku ya mdogo na Dani.

Mdogo nakushauri umwache atembee mwenyewe saa ya kwanza, akiwa bado na nguvu na hamu, kwa mwendo wake. Mtoto wa miaka minne aliyezoea kucheza nje anaweza kumaliza kilomita mbili au tatu za kupanda na kushuka akipumzika mara kwa mara. Baada ya hapo mbebeni kwa leso mgongoni, kwa zamu. Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii: anayebeba anatoka jasho, anayebebwa anapoa. Wewe unahisi joto, unavua sweta, unadhani na mtoto ana joto, kumbe miguu yake inaning'inia bila kusonga na upepo unaipiga. Kila mnapobadilishana zamu, mshike vidole vya miguu na shingo. Vidole vikiwa baridi, mvalishe. Shingo au kifua kikiwa baridi, simameni, mbadilisheni nguo zilizolowa, na muanze kurudi.

Baridi ndiyo hatari kubwa ya Eburu kwa mtoto. Kwa kila mita elfu unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Ukitoka ziwani kukiwa na nyuzi 24, juu kabisa unaweza kukuta 18 kukiwa na jua, na mawingu yakiziba au mvua ikinyesha hushuka zaidi kwa muda mfupi. Nyuzi 15 hazitishi mtu mkavu. Mtoto aliyelowa, mwenye fulana ya pamba, akipigwa na upepo, ni habari nyingine. Pamba hunyonya maji na kuyashikilia juu ya ngozi, na mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko wetu.

Kwa hiyo fulana ya pamba ivaliwe siku nyingine. Pitieni mitumba mtafute sweta za sufu au zile jaketi nyepesi za manyoya ya sintetiki, ambazo hata zikilowa bado zinatunza joto, na juu yake koti la mvua lisilopitisha maji. Suruali ndefu kwa kila mtu. Kofia ya sufu ni ndogo na nyepesi, na ndiyo ya kwanza nitakayokuuliza kama umebeba. Kila mtoto awe na soksi na nguo kavu za kubadilisha, zimefungwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Rangi ziwe kali: nyekundu, manjano, machungwa, ili mtoto aonekane kati ya miti. Na kwenye mitumba utakutana na jaketi nzuri za madoadoa kama za wanajeshi. Ziache hapo hapo. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa mavazi ya aina hiyo, na msituni mtakuwa mikononi mwa walinzi wanaoijua sheria hiyo vizuri.

Dalili za mwili kuzidiwa na baridi huanza kwa kutetemeka. Kisha mtoto anajikwaakwaa, anashindwa kufunga vifungo, maneno yanamponyoka. Kwa watoto wadogo dalili huwa ukimya. Aliyekuwa akiuliza maswali kila dakika akinyamaza ghafla, akakataa chakula, akataka kulala, usifurahi kwamba ametulia. Mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mkumbatie ngozi kwa ngozi ndani ya koti lako, mpe chai ya vuguvugu yenye sukari, na shukeni. Chupa ya chai ya themosi ndiyo dawa nzuri kuliko zote mtakazobeba.

Viatu havihitaji gharama. Viatu vya michezo vyenye meno chini vinatosha kwenye ukavu, na baada ya mvua gambuti zenye soksi nene zinafaa zaidi, mradi zisiwe kubwa zikamchubua mtoto kisigino.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi. Chapati, viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi, njugu. Watoto wapewe kitu kila baada ya dakika arobaini hivi, kabla hawajaomba, maana mtoto akifika kuomba ameshaishiwa nguvu. Maji, hesabu nusu lita kwa mtu mzima kwa kila saa ya mwendo, na kidogo chini ya hapo kwa watoto. Yabebeni kwenye chupa za kudumu. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga, misitu na maeneo ya hifadhi nchini, na hiyo ni pamoja na chupa za maji za dukani, vikombe, sahani na mirija. Msisubiri kuambiwa langoni huku watoto wana kiu.

Chui nimemweka hapa nyuma kwa makusudi. Wapo. Lakini chui wa msitu huu anawasikia mkija muda mrefu kabla ya ninyi kuwa na habari naye, na familia yenye watoto watatu si kitu anachotaka kukutana nacho. Wapo pia bongo wa milimani, swala wakubwa wa rangi ya kahawia nyekundu wenye mistari myeupe, ambao porini wanapatikana Kenya peke yake na wanakadiriwa kuwa chini ya mia moja. Hamtawaona, na ni vizuri msiwasumbue. Lakini mweleze wa miaka minane kwamba anakanyaga ardhi moja na mmojawapo wa wanyama adimu kabisa duniani, uone atakavyopunguza sauti.

Mnyama wa kuwekea tahadhari ni nyati, hasa dume la peke yake kwenye kichaka kizito. Ndiyo sababu hamuingii bila mwongozaji wa msitu. Anajua wapi nyati wamelala wiki hiyo, anasoma kinyesi na nyayo. Mkiwa naye, mpangilio uwe huu: yeye mbele, mtu mzima mwingine nyuma kabisa, watoto katikati, na hakuna mtoto anayetangulia kona. Mtoto akitaka kwenda haja, anakwenda na mtu mzima, hatua chache tu kutoka njiani, mbali na kijito, mnachimba shimo la kina cha kiganja na kulifukia. Kila mtoto avae filimbi shingoni. Akipotea asitembee: akumbatie mti ulio karibu, apulize mara tatu, apumzike, apulize tena. Fanyeni mazoezi ya hilo uwanjani nyumbani, mara nyingi, mpaka mdogo alione ni mchezo.

Wadudu na mimea ndivyo vitakavyowapata kwa hakika. Siafu wakivuka njia, rukeni, msisimame kuangalia mtu amekanyaga nini. Thabai, ule mmea unaowasha, ipo kando ya njia penye unyevu, na suruali ndefu ndiyo kinga yake. Jioni kagueni kupe nyuma ya masikio, kwapani na kiunoni.

Nimezungumza hatari nyingi, na sitaki ufikiri ndizo zinazojaza siku. Msitu huu unawapa watoto mengi sana kama mtakubali kwenda polepole. Chini, kwenye miteremko mikavu, kuna leleshwa. Wachume jani moja, walifikiche, wanuse. Mkiingia ndani kuna mierezi, ile ambayo wengi hapa kwetu huiita mutarakwa, mbao ambayo mchwa hawaipendi na ndiyo maana nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi. Kuna mzeituni mwitu, oloirien kwa Wamaasai, ambao vijinga vyake husafishia vibuyu vya maziwa. Dani akiwa amekulia kwa maziwa ya kibuyu, hapo mtapata hadithi ya nusu saa bila kupiga hatua, na nusu saa hiyo ni ya thamani.

Inueni macho mtafute mbega. Mkiwasikia kwanza, mtasikia mngurumo mzito usiofanana na mwili wake. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mtupu, na mbega hana kidole gumba kama chetu, kimebaki kinundu tu. Waambie watoto wajaribu kushika tawi bila gumba waone anavyoshika yeye. Na kuna shorobo, ndege wa kijani anayekimbia juu ya matawi kama panya, kisha anaruka na mabawa yanageuka mekundu. Wekundu huo unatokana na shaba iliyomo ndani ya rangi ya manyoya yake. Mkubwa wenu anayesoma sayansi ataupenda ukweli huo.

Halafu kuna mvuke. Eburu haijalala kabisa, chini bado kuna moto, na katika sehemu nyingi mvuke hutoka kwenye nyufa za ardhi. Kwa kuwa mito ya kudumu ni haba upande huo, wenyeji kwa miaka mingi wameukinga mvuke kwa mabomba, ukapoa, ukawa maji ya nyumbani. Pareto pia imekaushwa kwa joto hilo hilo, na tangu 2012 KenGen ina mtambo mdogo wa kuzalisha umeme hapo. Kwangu hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote vya kumwonyesha mtoto wa mjini: maji yanayotoka hewani, kutoka kwenye mwamba. Lakini mtoto ashikwe mkono, wa mzazi na si wa kaka yake. Mvuke wa ardhini unaunguza vibaya kuliko maji ya moto, na udongo kando ya tundu unaweza kuwa laini na wa moto hata kama juu unaonekana mkavu. Muende pale tu mwongozaji anapowapeleka. Akiungua mtu, maji safi ya baridi kwa dakika ishirini, kisha kitambaa safi. Si mafuta, si dawa ya meno.

Nirudi kwenye Aprili. Mvua za masika katika upande wetu huanza Machi na kuendelea mpaka Mei, na Aprili huwa kilele chake. Njia huwa utelezi, murram hukwamisha gari dogo, na ukungu huficha lile ziwa mliloliendea. Agosti nako kwetu hunyesha, watu wa Nakuru wanajua. Mwezi mzuri ni Januari au Februari, na kwa kalenda ya shule, ile wiki ya mwisho wa Disemba kuelekea Januari kabla hawajafungua, au mapumziko ya katikati ya muhula wa kwanza. Hata katika miezi hiyo, mawingu hujikusanya mchana, ndiyo maana nataka muwe langoni saa mbili asubuhi na muwe mmeshuka kabla ya saa nane.

Ngurumo ikisikika, angalieni radi inayofuata na kuhesabu sekunde mpaka msikie ngurumo yake. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikifika sekunde 30 au chini yake, shukeni kutoka mgongoni mwa mlima, msisimame chini ya mti mrefu uliojitenga, na msirudi juu mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Na korongo si mahali pa kupumzikia mvua ikiwa imenyesha popote juu yenu, hata kama mlipo kuna jua. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, katika Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwakuta watu ndani ya korongo Septemba 2019, wakafa watu saba. Maji yalitoka mbali. Hilo ni jambo ambalo sitalilainisha hata kwa watoto; mkubwa wenu na alijue.

Basi Aprili mfanye nini na Dani? Nendeni Menengai. Ni hapo juu ya mji, gari linafika karibu kabisa na ukingo, na bonde la volkano mtakaloliona ni la kilomita kama kumi na mbili kwa nane. Tembeeni kwa muda wa saa mbili, asubuhi, kwenye msitu wa juu, mbali na ukingo, watoto wadogo wakishikwa mikono. Tumieni siku hiyo kupima viatu, koti, filimbi, na hasa mwendo wa mdogo. Pimeni kilomita mbili, muone zimewachukua muda gani. Namba hiyo ndiyo mtakayoitumia Eburu badala ya ile ya Naismith.

Tena Menengai itampima Dani. Kisumu iko mita 1,130 hivi, Nakuru karibu 1,850, na juu Eburu ni zaidi ya hapo sana. Ninyi wa Nakuru miili yenu imezoea kiasi. Yeye anatoka ufukweni. Akae Nakuru siku tatu au nne kabla ya matembezi yoyote, apimwe presha kliniki na amwambie daktari hasa anachotaka kufanya, asiruke dawa asubuhi ya safari kwa kuogopa kwenda haja njiani. Akiwa anatembea, kipimo ni mazungumzo: akiweza kumaliza sentensi bila kukatika pumzi, mwendo unafaa. Akikatika, pumzikeni. Kichwa kikimuuma sana, akapata kizunguzungu au kifua kikambana, anashuka hapo hapo, na hakuna kujadiliana. Mpe fimbo mbili za kushikilia, siyo moja. Magoti yatamshukuru kwenye mteremko.

Akija tena Disemba, ombeni waongozaji wawili Eburu. Mtembee wote pamoja saa ya kwanza, mle pamoja, kisha wewe, Dani na mdogo mrudi na mwongozaji mmoja, na Baba Neema aendelee na wakubwa wawili mpaka saa ya kugeuka. Kwa njia hiyo hakuna anayeburutwa na hakuna anayezuiwa. Piga simu au pita ofisi ya KFS kabla, uulize ada za siku hiyo, hali ya njia, na kama waongozaji watakuwepo. Malipo hupitia eCitizen. Yamalizeni mkiwa mjini penye mtandao. Andikeni kwenye karatasi namba ya kituo cha msitu, pamoja na 112 na 999 za dharura na 1199 ya Msalaba Mwekundu, na mwachie jirani karatasi kama hiyo pamoja na saa mnayotarajia kurudi.

Mkishuka mapema, kuna nafasi ya kuteremka mpaka Ziwa Naivasha, watoto wakale samaki. Maji ya ziwa yamepanda sana katika miaka ya karibuni, na baadhi ya njia za ufukweni ambazo watu walizoea ziko chini ya maji, kwa hiyo ulizeni wenyeji kabla ya kukaribia. Viboko wanaishi humo na hutoka kula majani jua likizama, hupita njia zao wenyewe kwenye nyasi, na wakikuta mtu kati yao na maji hawageuki. Watoto wasicheze kwenye matete hata saa sita mchana, na kufikia saa kumi na moja jioni nyote muwe ndani ya gari.